Alama Tisini na Saba za Mwenyekiti

Mama yangu mdogo anaitwa Dorika, ila ukimwulizia kwa jina hilo pale Masasi watu watakutazama tu. Uliza Mama Huruma wa kompyuta. Utaelekezwa mpaka mlangoni, na mwingine atakusindikiza ili apate nafasi ya kumwonyesha simu yake iliyopasuka kioo. Yeye simu hatengenezi. Ameshasema hivyo tangu Newala, miaka sita sasa, na kila siku analetewa simu.

Amezaliwa Chilangala, nyumba ya tatu kutoka kwenye mikorosho ya babu. Kompyuta alikutana nazo Newala, katika chuo kimoja kidogo ambako aliajiriwa kufagia chumba chao na kutunza ufunguo. Zilikuwa za msaada, zimewekwa Linux badala ya Windows, na walimu walipoziwasha wakaona sura wasiyoizoea wakazizima, wakasema zina kasoro. Mama mdogo alikuwa na ufunguo na alikuwa na muda. Baada ya miaka minne alikuwa anazijua kuliko aliyezileta.

Hukohuko ndiko alikotengeneza Kagua. Mimi kompyuta sikusomea, naandika alivyonieleza. Kagua ni programu inayoingia ndani ya kompyuta na kuihoji maswali sitini. Je, kila anayekutumia ana paswedi? Je, kuna mlango umeuacha wazi, mtu wa mbali akapita? Mafaili ya siri yanasomwa na nani? Mara ya mwisho umesasishwa lini? Ikimaliza inatoa alama juu ya mia. Kompyuta za chuo zilipata thelathini na kitu. Mkuu wa chuo akasema Kagua ndiyo mbovu. Mama mdogo akazirekebisha moja moja mpaka zikafika tisini, ndipo mkuu akasema Kagua ni nzuri sana, na aliiona tangu mwanzo.

Sifa hizo zilishuka na barabara mpaka Masasi, zikafika kwenye chama kikuu kimoja cha ushirika wa korosho. Jina lake siliandiki, kwa kuwa wanachama wake wananijua na wengine ni ndugu zangu. Wakamwita, wakampa miezi sita ya majaribio. Akikaguliwa akaonekana anafaa, atapewa barua ya kuthibitishwa kazini. Asipofaa, arudi. Na kurudi kwenyewe kulikuwa kumeshaandaliwa: kaka yake wa Chilangala alitangaza mbele ya watu kuwa amemwekea panga jipya, kwa sababu mwanamke aliyeacha shamba akafuata mashine mvua ya kwanza itamkuta amesharudi. Alilitundika sebuleni, kila mgeni alione.

Kwa hiyo ilikuwa ni ile barua, au lile panga.

Mwenyekiti wa ushirika ni Mzee Awadhi. Amekikalia kiti mwaka wa kumi na moja, na kiti kimeshachukua umbo lake. Alimwita Mama Huruma siku ya kwanza.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Huruma. Nasikia una kitu kinapima kompyuta."

"Ndiyo Mzee. Kinapima usalama wake."

"Hapa tuna kompyuta kumi na nne. Nne ziko kwenye vyama vya msingi, Nanganga, Chilangala na kwingine, zilizobaki ziko hapa. Majina yote ya wakulima yamo humo. Nani kaleta gunia ngapi, nani apewe salfa ya kupulizia mikorosho, nani hajapewa. Mkutano mkuu uko Septemba. Nataka siku hiyo niwaambie wanachama kuwa zote zimepimwa na ziko salama. Nikisema hivyo, barua yako unaipokea palepale, mbele yao."

"Sawa Mzee. Ila Kagua inajua Linux tu. Hizi zenu kumi na tatu ni Windows, na ya kwako ni Mac."

Mzee Awadhi aliigusa kompyuta yake. Ililetwa na wageni wa mradi fulani, ina tunda lililong'atwa mgongoni, na huwa anaigeuza ili tunda limtazame anayeingia. "Ifundishe basi," akasema. "Si umesema inauliza maswali? Ifundishe kuuliza na huku."

Kwa namna fulani alikuwa amesema kweli. Mama mdogo alinieleza hivi: kila mfumo una lugha yake. Kagua ilikuwa kama mtu wa Newala anayejua Kimakonde peke yake, sasa unamtuma akahoji vijiji vya Wamakua. Inabidi uchukue maswali yote sitini uyafumue, uyasuke upya kwa lugha ya kule. Yeye alisuka kwa wiki tano. Jikoni kwetu Masasi, alikofikia, kulijaa karatasi. Nilifungia maandazi kwa karatasi mojawapo, kumbe lilikuwa swali la ishirini na saba.

Agosti ilipokuwa inaisha akaanza kupima.

Kompyuta ya kwanza ilikuwa ya Agnes, karani wa ofisi. Mia kwa mia. Ya mhasibu, mia. Akapanda pikipiki mpaka Nanganga, mia. Akapanda gari mpaka Chilangala, akapita mbele ya nyumba ya kaka yake bila kugeuza shingo, akapima: mia. Ya Alfredi, mtunza ghala, ambayo hukaa juu ya magunia matupu na kibodi yake ina vumbi la korosho mpaka herufi A haionekani, nayo ikapata mia.

Furaha ya siku zile sijui niiandike vipi. Agnes alichapa vyeti kumi na tatu vyenye mhuri na nyota pembeni, akavitia plastiki. Kila mtu akabandika chake. Alfredi alikibandika juu ya kioo cha kompyuta yenyewe, katikati, kwa gundi ya viatu. Kuanzia siku hiyo alikuwa akitaka kusoma hesabu za ghala anainamisha kichwa achungulie pembeni. Akiulizwa anasema, "Cheti kinakaa panapoonekana, nnjomba."

Ikabaki ya Mwenyekiti. Mama mdogo aliichomeka, akasubiri, na Mzee Awadhi akasubiri naye amekunja mikono juu ya tumbo. Ikatoka tisini na saba.

Aliyenisimulia haya ni Agnes, ambaye meza yake iko karibu na mlango wa Mwenyekiti, naye hasahau neno hata moja la mtu mwingine.

"Tisini na saba," akasema Mwenyekiti.

"Ndiyo Mzee. Ni nzuri sana."

"Alfredi ana ngapi?"

"Mia, Mzee."

"Alfredi huyu wa ghalani?"

"Ndiyo Mzee."

"Alfredi anaweka kompyuta juu ya gunia."

"Ndiyo Mzee."

"Panya wanaikojolea."

"Kagua haiangalii panya, Mzee."

Mzee Awadhi akaifunga kompyuta yake taratibu, tunda likabaki juu. "Mama Huruma. Mimi ni mwenyekiti wa watu elfu tisa. Siwezi kusimama kwenye mkutano mkuu nikiwa nyuma ya mtunza ghala kwa alama tatu. Watu wataniuliza hizo tatu nimezipeleka wapi. Katafute zilipo, uzirudishe."

Agnes alimfuata Mama Huruma mpaka nje. "Dada, si umwongezee tu? Unafuta tisini na saba, unaandika mia. Nitachapa cheti kikubwa kuliko vya wengine, na nyota nne. Yataisha."

"Nikimwongezea mimi, basi Kagua haijamkagua."

"Kwani nani atajua?"

"Mimi."

"Haya, wewe ujue, halafu uende Chilangala ukalichukue panga lako," akasema Agnes. Agnes ni rafiki yake kweli, ndiyo maana hakulainisha.

Mama mdogo akazitafuta zile alama tatu. Alifungua majibu ya kompyuta ya Mwenyekiti, swali kwa swali. Mac na Linux ni watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, maneno mengi wanaelewana. Katika maswali sitini, yaliyojibiwa yalikuwa kumi na moja. Kati ya hayo, mawili yalijibiwa vibaya. Haya mengine arobaini na tisa kompyuta haikujibu kitu, ilinyamaza tu, na Kagua ikaandika: hakuna tatizo.

Kisha akafungua majibu ya Windows. Yaliyojibiwa: hakuna. Hata moja. Zile wiki tano alikuwa ameyasuka maneno ya maswali, lakini njia ya kuyafikisha aliiacha ileile ya Newala, basi hayakufika. Na kule mwanzo kabisa, chuoni, aliandika mstari mmoja kwamba swali likirudi mikono mitupu, maana yake ubaya haukuonekana. Kwenye Linux mstari ule haukuwa na madhara, kwa sababu kila swali lilikuwa linajibiwa. Huku, mstari ule peke yake ndio uliotoa vyeti kumi na tatu.

Ili ahakikishe akaenda ghalani kwa Alfredi. Aliomba akae kwenye kompyuta, akainama pembeni ya cheti, akafuta paswedi. Akapima. Mia. Akazima ukuta wa kuzuia watu wa nje. Akapima. Mia. Akafungua kila mlango uliokuwepo, mpaka kompyuta ikawa kama banda la sokoni siku ya gulio. Mia.

Alfredi alikuwa amesimama nyuma yake anakula korosho mbichi. "Umeona?" akasema. "Umeichokonoa kote, haijatikisika. Hiyo ndiyo kompyuta, Mama Huruma. Kuna ntu aliniambia niitupe."

Mama mdogo alirudisha kila kitu kama kilivyokuwa, akamshukuru, akaja nyumbani. Alinisimulia yote hayo amesimama, hajavua viatu. Ilikuwa imebaki wiki moja na siku mbili kufika mkutano. Nilimwuliza kama watu wa ofisini wanaweza kuligundua wenyewe. Akasema hapana, hata miaka kumi. Hilo ndilo lililomnyima raha. Kama lingekuwa la kugundulika, asingekuwa na la kuamua.

Siku nane alizitumia kutengeneza njia. Safari hii aliupangua ule mstari wa Newala kwanza: swali lisilojibiwa liandikwe halijajibiwa, na lisihesabiwe kuwa zuri. Kisha akapima upya zote, akiwaambia watu anasafisha mafaili. Alfredi, kumi na tisa. Agnes, ishirini na sita. Mhasibu, ambaye paswedi yake ilikuwa jina la mkewe na ameiandika kwenye kalenda ya ukutani ili mkewe akija aone, ishirini na mbili. Chilangala, ishirini na nne. Nanganga ilijitahidi, thelathini na mbili. Ya Mwenyekiti, arobaini na moja.

Siku moja kabla ya mkutano akaingia kwa Mwenyekiti asubuhi. Mlango haukufungika vizuri. Agnes anasema ulikuwa mbovu siku zote, mimi nasema siku hiyo aliusaidia.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Umezipata alama zangu?"

"Nimezipata, Mzee. Hazikuwepo. Mzee, wewe unamjua mpimaji wa korosho na lile bambo lake. Anachoma gunia, anatoa korosho chache, anazipasua, anasema gunia hili ni daraja la kwanza au la pili."

"Nimechoma bambo kabla hujazaliwa."

"Sasa mpimaji achome bambo hewani, pembeni ya gunia. Avute, akute halina korosho mbovu hata moja. Aandike daraja la kwanza. Ndicho nilichokifanya mimi. Zile mia zote nilichoma hewani."

Agnes anasema Mzee aliigeuza kompyuta yake, tunda likatazama ukuta.

"Zote?"

"Zote, Mzee. Ya kwako peke yake ndiyo bambo liligusa gunia kidogo. Ndiyo maana ilipata tisini na saba."

Mzee Awadhi akachukua taarifa ya mkutano, nakala mia tatu zilizokwisha chapwa, akaonyesha ukurasa wa nne kwa kidole. "Hapa pameandikwa usalama wa asilimia mia moja. Unataka nisimame mbele ya wakulima niwaambie majina yao yamekaa kwenye gunia lenye tobo? Baada ya vyeti? Baada ya nyota?"

"Ndiyo, Mzee. Mtu akitaka leo anaweza kuingia akabadilisha jina la anayestahili salfa akaweka la shemeji yake, na hatutamjua."

Mzee akafungua droo, akatoa bahasha ya kaki, akaiweka mezani. "Barua yako. Nimeshasaini. Hii naweza kukupa kesho, na naweza kuirudisha humu ndani nikafunga. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Na ukurasa wa nne?"

"Irudishe barua, Mzee. Lakini hiyo mia usiisome."

Mwenyekiti akaichukua bahasha, akaiingiza kwenye droo. Hakuifunga droo bado. Mkono wake ukiwa humo ndani, akauliza kama mtu anayeuliza saa:

"Alfredi sasa ana ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Kumi na tisa. Na mimi?"

"Arobaini na moja."

"Mhasibu?"

"Ishirini na mbili."

"Anayenifuata nani?"

"Nanganga, Mzee. Thelathini na mbili."

"Kwa hiyo kutoka kwangu kwenda kwa wa pili kuna alama tisa."

"Ndiyo Mzee."

"Na hizi ni za kweli? Bambo limeingia?"

"Limeingia mpaka mwisho."

Mkono ukatoka kwenye droo ukiwa na bahasha. "Mwite Agnes," akasema Mzee Awadhi. "Ukurasa wa nne unachapwa upya."

Mkutano mkuu nilikwenda, kumwakilisha mama mzazi ambaye ana hisa lakini ana mgongo pia. Tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya maturubai. Mwenyekiti alipofika ukurasa wa nne akavaa miwani.

"Ndugu wanachama. Tumefanya ukaguzi wa kisasa. Siwafichi, nimekuta uozo. Kompyuta zetu ziko wazi, na nimesikitika sana. Katika kompyuta kumi na nne, iliyoongoza kwa usalama ni ya ofisi ya Mwenyekiti, alama arobaini na moja. Ya mwisho ni ya ghala."

Watu wakapiga makofi. Alfredi naye akapiga, maana alikuwa hajajua ghala ni yeye. Kisha akasimama bibi mmoja wa Nanganga, Bibi Anifa, ambaye kila mkutano husimama.

"Mwenyekiti, hiyo arobaini na moja ni juu ya ngapi?"

"Juu ya mia, Bibi."

"Mjukuu wangu akiniletea arobaini na moja juu ya mia namnyima chakula. Wewe umeileta kwa maikrofoni."

Maturubai yakacheka. Mwenyekiti akavua miwani, akasubiri wamalize, na mimi nikamwona mama mdogo safu ya pili ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Bibi Anifa amesema vizuri," akasema Mzee Awadhi. "Ndiyo maana tumemleta mtaalamu. Aliyegundua haya ni Mama Huruma hapa. Mimi nilimwambia, nitafutie ukweli, hata kama utaniuma. Asimame mumwone." Akasimama. "Ambaye hataki athibitishwe kazini anyooshe mkono."

Hakunyoosha mtu. Mjomba wangu wa Chilangala alikuwapo, nilimwona anajikuna sikio, lakini mkono uliishia hapo. Barua ikatolewa mbele ya watu, mama mdogo akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akakaa, akaifungua akaisoma palepale.

Ukurasa wa pili wa barua ulikuwa na kifungu ambacho kiliongezwa usiku wa kuamkia mkutano, wino wake ulikuwa mweusi kuliko mwingine. Kilisema kazi ya kuimarisha kompyuta ifanyike hatua kwa hatua, kwa kuzingatia utaratibu wa uongozi. Hakuna kompyuta ya mtumishi itakayoimarishwa kupita ya Mwenyekiti.

Hapo ndipo kazi yake ilipoanzia. Alfredi, baada ya kuambiwa ghala ni yeye, alipatwa na uchungu wa ajabu. Alibandua cheti, akafuta gundi kwa petroli, akafungua mlango wa ghala hewa iingie, na Jumatatu akaja mbio. "Mama Huruma, nimetunga paswedi ndefu, ina namba, na ina alama ya kuuliza. Niwekee."

"Subiri kwanza, Alfredi. Mwenyekiti hajaweka ya kwake."

Na Mwenyekiti hakutaka. "Niwe nafika ofisini kwangu, asubuhi, kitu nilichopewa mimi kiniulize mimi ni nani? Bila hata salamu? Watu wote hawa wananijua."

"Wewe wanakujua, Mzee. Lakini akikaa mwingine hapo?"

"Nani atakaa hapa?"

Swali hilo mama mdogo hakulijibu, kwa sababu ulikuwa umebaki mwaka mmoja kufika uchaguzi na lingeeleweka vibaya. Alichofanya ni kutoka nje na kuwaambia watu kumi na tatu wamsubiri Mwenyekiti. Wakamsubiri kwake ofisini. Kila aliyekwenda kusaini karatasi alikuwa anauliza kwa adabu, "Shikamoo Mzee, vipi, umeshaweka? Sisi tunakungoja wewe." Nanganga walipiga simu. Chilangala walipiga simu mara mbili. Bibi Anifa alikuja mwenyewe, na mwavuli.

Siku ya kumi na moja Mzee Awadhi akaweka paswedi. Akapanda mpaka arobaini na nane, na siku hiyohiyo wengine wote wakaruhusiwa kusogea. Sasa ndivyo ushirika unavyokwenda. Mama mdogo huingia kwa Mwenyekiti Jumatatu, humbembeleza jambo moja, akikubali hutoka na jambo hilo kulitia kwenye kompyuta nyingine. Akikataa, wakulima elfu tisa wanangoja mpaka Jumatatu nyingine.

Nilimwuliza kama haoni ni upuuzi. Alikuwa anachambua mchele. Akasema namba zote ni za kweli, na hilo linamtosha kwa sasa.

Wiki hii ninapoandika, Mwenyekiti ana sitini na tatu. Alfredi ana sitini na mbili, na paswedi nyingine tatu ameziandaa.